Samaki Mwenye Jina la Mwalimu: Namna ya Kuzalisha Furu Katika Tangi la Nyumbani Bila Kupoteza Asili Yake

Katika miamba ya visiwa vya kusini mwa Ziwa Victoria anaishi samaki mdogo ambaye hata akikomaa huenea kiganjani. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na mistari myeusi iliyosimama. Jike lina rangi ya manjano iliyofifia, ambayo haionekani kwa urahisi mbele ya jiwe. Wakazi wa Kanda ya Ziwa humwita furu, kama wanavyowaita mamia ya ndugu zake. Wanasayansi humwita Pundamilia nyererei, jina linalomuenzi Baba wa Taifa, Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Samaki huyu anaweza kufugwa na kuzalishwa katika tangi la kioo nyumbani. Kazi hiyo haihitaji bwawa wala eneo kubwa, na mtu mwenye subira anaweza kujifunza ndani ya miezi michache. Lipo hata hivyo sharti moja lililo zito kuliko mengine yote: mfugaji amzalishe bila kumchanganya na ndugu zake. Sharti hilo likipuuzwa, tangi hujaa samaki wasio wa aina yoyote inayojulikana ziwani. Sababu yake inapatikana katika historia ya ziwa lenyewe.

Familia ya furu

Furu ni miongoni mwa samaki wa familia ya Cichlidae, yaani sikilidi, ambayo ndiyo familia ya sato na perege wanaofahamika vyema mezani. Familia hii inapatikana Afrika, Amerika, Madagaska na sehemu za Asia, lakini hakuna mahali ilipopanuka kama katika maziwa makuu ya Afrika Mashariki. Ziwa Tanganyika, Ziwa Nyasa na Ziwa Victoria kila moja lina aina nyingi za sikilidi ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani. Katika Ziwa Tanganyika yupo kuhe, anayezidi nusu mita kwa urefu, na wapo pia wadogo mno wanaoishi na kulea watoto ndani ya makombe matupu ya konokono.

Ziwa Victoria ni tofauti na hayo mawili kwa umri na kwa umbo. Ni pana, likiwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, lakini halina kina kikubwa. Sehemu yenye kina kirefu zaidi hufikia mita 80 hivi. Uchunguzi wa tope la chini ya ziwa unaonesha kuwa lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Watafiti wanakadiria kuwa katika kipindi hicho, ambacho ni kifupi sana katika historia ya viumbe, zilijitokeza aina zipatazo 500 za furu. Wapo waliokula konokono, waliokula mwani, waliokula wadudu na waliokula vifaranga vya samaki wengine, kila mmoja akiwa na meno na taya zinazofaa chakula chake.

Furu mwenye jina la Mwalimu alielezwa kisayansi mwaka 1985 na watafiti wa Uholanzi, Els Witte-Maas na Frans Witte, wakati Mwalimu Nyerere akiwa bado Rais wa Tanzania. Watafiti hao walikuwa sehemu ya timu iliyochunguza furu katika Ghuba ya Mwanza kuanzia miaka ya 1970. Mwaka 1998 samaki huyo aliwekwa, pamoja na ndugu zake wa karibu wenye mistari, katika kundi lililopewa jina la Kiswahili la Pundamilia.

Ziwa lilivyobadilika

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki aina ya sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi idadi yake ilikuwa ndogo, kisha ikaongezeka kwa kasi kubwa katika miaka ya 1980. Sangara alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni. Kwa upande mwingine aliwala furu kwa wingi kiasi kwamba katika Ghuba ya Mwanza nyavu za watafiti, zilizokuwa zikijaa furu muongo mmoja kabla, zilianza kutoka karibu bila furu hata mmoja. Aina nyingi, zinazokadiriwa kufikia mamia, zilitoweka au zikabaki chache mno.

Furu wa kwenye miamba, akiwemo Pundamilia nyererei, walinusurika kuliko wale wa maji ya wazi, kwa kuwa sangara mkubwa hawezi kuingia katika nyufa za mawe. Hata hivyo, walikabiliwa na tatizo la pili lisiloonekana kwa haraka. Udongo na virutubisho kutoka mashambani, pamoja na majitaka ya miji, viliingia ziwani na kulisha mwani. Maji yaliyokuwa angavu yakawa na ukungu katika sehemu nyingi, hasa ndani ya ghuba.

Rangi, mwanga na uchaguzi wa mwenza

Mwaka 1997 watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika visiwa vya Ziwa Victoria pamoja na majaribio katika matangi. Walitaka kujua ni kitu gani huwafanya furu wanaoishi pamoja, na wanaoweza kuzaliana, waendelee kuwa aina tofauti.

Jibu lilikuwa rangi. Pundamilia nyererei ana ndugu wa karibu aitwaye Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Majike ya aina hizi mbili yanafanana kiasi cha kumtatiza hata mtaalamu. Katika maji angavu, jike la aina moja humfuata dume jekundu na jike la aina nyingine humfuata dume la buluu, nao hawachanganyiki. Watafiti walipowasha mwanga wa rangi moja juu ya matangi, mwanga ambao uliondoa tofauti kati ya wekundu na ubuluu, majike yalipoteza uchaguzi huo na kuyakubali madume ya aina zote mbili. Ziwani nako ilionekana kwamba pale ambapo maji yana ukungu, madume ya rangi ya katikati ni mengi, na mpaka kati ya aina hizo mbili umefifia.

Kwa hiyo aina ya samaki inaweza kutoweka bila samaki hata mmoja kuvuliwa au kuliwa. Inatosha majike yashindwe kuwatambua waume zao. Uzao wa furu chotara si tasa. Huzaliana vizuri, na ndani ya vizazi vichache aina mbili huyeyuka na kuwa moja. Jambo lilelile linaweza kutokea katika tangi la lita 200 sebuleni. Mfugaji anayewachanganya furu wa aina mbalimbali kwa sababu wanapendeza kwa pamoja hulifanyia tangi lake kile ambacho tope limeifanyia ghuba.

Kuandaa tangi

Pundamilia nyererei ni samaki mdogo, lakini dume hulinda eneo lake kwa ukali. Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 45 na kimo cha maji cha sentimita 40 huchukua lita 216, na kiasi hicho kinatosha kuanzia kundi dogo. Ikumbukwe kuwa maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 216. Yakijumlishwa na kioo, mawe na mchanga, uzito huzidi kilo 250. Meza ya kawaida haifai. Panahitajika stendi imara iliyo sawasawa, juu ya sakafu ngumu, mbali na dirisha linalopitisha jua kali.

Mawe hutangulia kuwekwa, mchanga hufuata. Mawe yakiwekwa juu ya mchanga, samaki wakichimba chini yake yanaweza kuporomoka na kuvunja kioo. Mawe ya itale yaliyooshwa vizuri, kama yale yanayoipamba Mwanza, yanafaa sana. Yapangwe kwa namna inayotengeneza mapango na vichochoro vingi, ili samaki mnyonge apate pa kujificha na madume yasionane muda wote. Mchanga mwembamba wa mto uoshwe hadi maji ya kuoshea yawe safi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: chujio, pampu ya hewa, kipimajoto na taa. Chujio la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa ni la bei nafuu na halimezi vifaranga. Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Katika mikoa yenye baridi kama Njombe na Mbeya, hita yenye kidhibiti joto ni ya lazima. Dar es Salaam wakati wa joto kali tatizo huwa kinyume chake: maji yakikaribia nyuzi 30 hushika hewa kidogo, hivyo pampu iongezewe nguvu na tangi liwekwe mahali penye hewa inayopita.

Taa iwe ya mwanga mweupe. Taa za buluu au za waridi, ambazo wauzaji wengine huzisifu kwa kuwa hung'arisha samaki, hubadilisha rangi zilezile ambazo jike huzitumia kumtambua dume.

Maji yaliyokomaa

Wafugaji wengi wanaoanza hupoteza samaki wao katika mwezi wa kwanza, na mara nyingi chanzo si ugonjwa. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na amonia ni sumu. Sumu hiyo huwa kali zaidi katika maji yenye pH ya juu, ambayo ndiyo maji yanayowafaa furu. Katika tangi lililokomaa bakteria wanaoishi ndani ya sponji, mchanga na mawe huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha.

Kwa sababu hiyo tangi liwashwe na liendeshwe kwa muda huo kabla ya samaki kuingizwa, huku chembe chache za chakula zikitiwa kila siku ili bakteria wapate lishe. Njia ya haraka zaidi ni kupata kipande cha sponji kutoka katika tangi la siku nyingi lenye samaki wenye afya. Vipimo vya maji vikipatikana, samaki waingizwe baada ya amonia na naitraiti kushuka hadi sifuri. Kiwango cha pH kati ya 7.5 na 8.5 kinafaa.

Maji ya bomba hutibiwa kwa klorini ili yawe salama kwa binadamu, lakini klorini huua bakteria wa tangi na kuunguza matamvua ya samaki. Maji yakiachwa katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24, yakipulizwa hewa ikiwezekana, sehemu kubwa ya klorini huondoka. Zipo pia dawa maalumu za kuiondoa. Kila wiki robo ya maji ya tangi ibadilishwe kwa maji yaliyoandaliwa hivyo na yenye joto linalolingana. Sponji isafishwe katika maji yaliyotolewa ndani ya tangi, kamwe si chini ya bomba, kwa kuwa bomba litaosha na kuua bakteria wote.

Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kusitisha chakula. Samaki wenye afya katika tangi lisilosongamana wanaweza kuvumilia saa kadhaa. Pampu ndogo ya betri, au kuchota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, hurejesha hewa hadi umeme urudi.

Kuchagua kundi

Kundi linalofaa kuanzia ni samaki 8 hadi 12 walio wadogo, wa aina moja na wa asili moja. Wakikua, mfugaji abaki na dume moja kwa majike 4 hadi 6, au madume mawili au matatu iwapo tangi ni kubwa na lina maficho ya kutosha. Dume moja na jike moja ni mpango mbaya: dume humfukuza jike mchana kutwa hadi likadhoofika na kufa. Majike yakiwa mengi, ukali huo hugawanyika.

Asili ni jambo la kuulizwa kabla ya bei. Furu wa kisiwa kimoja hutofautiana kwa rangi na wa kisiwa kingine hata wakiwa wa aina moja, kwa kuwa hawavuki kirahisi maji ya wazi yanayotenganisha miamba yao. Muuzaji makini hueleza samaki wake wametoka kisiwa gani au kwa mfugaji gani. Samaki anayeuzwa kwa jina la jumla tu, au kutoka katika tangi lililochanganya furu wa kila namna, anaweza kupendeza machoni lakini hafai kuwa mzazi.

Kuhusu upatikanaji, uvuvi, biashara na usafirishaji wa samaki nchini husimamiwa na Sheria ya Uvuvi, Sura ya 279, pamoja na kanuni zake. Mwananchi anayekusudia kukamata samaki hai ziwani kwa ajili ya mapambo, kuwauza au kuwasafirisha nje ya nchi anapaswa kwanza kufika kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri yake ili aelekezwe kuhusu leseni na vibali vinavyohitajika.

Kutaga na kulea

Dume lililo tayari huchagua mahali karibu na jiwe, husafisha shimo dogo mchangani na rangi yake hukolea. Hutandaza mapezi mbele ya jike, hutetemeka, kisha huogelea kuelekea shimoni. Jike lililo tayari hulifuata. Hutaga mayai machache kwa wakati mmoja, hugeuka mara moja na kuyachukua mdomoni.

Kwenye pezi la chini la dume, karibu na mkia, yapo madoa ya manjano yanayofanana na mayai. Jike hujaribu kuyadonoa, na wakati huo dume hutoa mbegu zinazoingia mdomoni mwa jike na kuyarutubisha mayai yaliyomo. Mzunguko huo hurudiwa mara nyingi hadi mayai yaishe. Jike huondoka na makumi kadhaa ya mayai mdomoni. Jike changa huwa na machache zaidi.

Kuanzia hapo jike hulea peke yake. Huyabeba mayai, na baadaye watoto, kwa takriban wiki tatu. Muda hurefuka kidogo maji yakiwa baridi. Dalili zake ni koo lililovimba, mdomo unaotafunatafuna polepole na kukataa chakula. Jike halili, au hula kidogo mno, kipindi chote hicho. Mfugaji asilisumbue katika siku za mwanzo, kwa kuwa jike lililoshtuka huweza kuyatema au kuyameza mayai. Majike yanayobeba kwa mara ya kwanza hupoteza mayai mara kwa mara. Hilo ni jambo la kawaida na hurekebika kadiri yanavyozoea.

Baada ya wiki mbili hivi, jike huhamishwa kwa utulivu kwenda katika tangi dogo la lita 40 lenye chujio lililokomaa, maji ya tangi lilelile na jiwe moja la kujificha. Kazi hiyo ni rahisi zaidi alfajiri, taa zikiwa bado zimezimwa. Likiwa peke yake huwaachia watoto linapoona ni salama, na kwa siku kadhaa huwaita warudi mdomoni kila linapohisi hatari. Baada ya hapo lipumzishwe na kulishwa vizuri kwa wiki moja au mbili kabla ya kurudishwa kwa dume.

Vifaranga huwa na urefu wa karibu sentimita moja na huanza kula mara moja. Hulishwa mara tatu au nne kwa siku kwa chakula cha samaki kilichosagwa kuwa unga laini, au kwa vikamba vichanga vya artemia vinapopatikana. Wakubwa hulishwa mara mbili kwa siku, kiasi wanachoweza kumaliza ndani ya dakika mbili au tatu. Nyama ya ng'ombe au ya kuku isitumike, kwa kuwa mafuta yake hayameng'enyeki vizuri katika matumbo yao. Chakula kingi kupita kiasi huharibu maji kabla ya kuwashibisha samaki.

Kulinda ukoo

Mfugaji anapopata uzao wa kwanza ndipo jukumu lake zito linapoanza. Mambo manne yanatosha kulitimiza.

La kwanza ni kutofuga aina mbili za furu wa Ziwa Victoria katika tangi moja la uzazi. Majike yanafanana, na kosa likishafanyika haliwezi kusahihishwa kwa kutazama.

La pili ni kutowachanganya samaki wa visiwa tofauti, hata kama ni wa aina moja.

La tatu ni kuweka daftari. Kila tangi liwe na namba, na kila uzao uandikiwe tarehe, wazazi na asili yake. Anayepokea samaki apokee na maelezo hayo kwa maandishi.

La nne ni kubadilishana damu. Kundi likizaana lenyewe kwa lenyewe kwa vizazi vingi hudhoofika. Wafugaji wawili au watatu wenye samaki wa asili moja wanaweza kubadilishana madume kila baada ya miaka michache, na hapo daftari la kila mmoja huwa na thamani kubwa.

Utaratibu wa namna hii umetumika kwingineko. Katika miaka ya 1990 bustani za wanyama na matangi ya maonesho ya Amerika Kaskazini na Ulaya yalianza kutunza kwa pamoja baadhi ya aina za furu zilizokuwa hatarini, yakiweka kumbukumbu za kila kundi. Wafugaji wa majumbani walichangia kazi hiyo. Samaki waliotunzwa bila kumbukumbu hawakuwa na nafasi katika mpango wa aina hiyo.

Vifaranga wa ziada wasipelekwe ziwani

Jike moja linaweza kulea mara kadhaa kwa mwaka, na baada ya muda vifaranga huzidi nafasi iliyopo. Hapo hutokea kishawishi cha kuwapeleka ziwani, mtoni au bwawani kwa nia njema ya kuwarudisha nyumbani. Jambo hilo halipaswi kufanyika.

Samaki wa tangini huweza kubeba vimelea na magonjwa yasiyoonekana. Huweza kuwa chotara bila mwenyewe kujua. Akiwekwa katika kisiwa kisicho cha asili yake huzaana na wenyeji na kuvuruga ukoo uliojitenga kwa maelfu ya miaka. Akiwekwa katika ziwa au mto mwingine kabisa, anakuwa mgeni, na historia ya sangara imekwisha kuonesha kwamba mgeni aliyeingizwa majini haondolewi tena. Kurejesha samaki katika maji ya asili ni kazi ya taasisi za utafiti na usimamizi wa uvuvi, baada ya uchunguzi na kwa vibali.

Anayepata vifaranga wengi kuliko uwezo wake ana njia zilizo salama: kuwagawia au kuwauzia wafugaji wengine kwa kufuata taratibu, kuwatenganisha madume na majike ili uzazi upungue, au kutolitenga jike linalobeba, ili wazaliwe katika tangi la wakubwa ambamo wachache tu hunusurika. Machotara wanaweza kutunzwa hadi mwisho wa maisha yao, lakini wasizalishwe wala kuuzwa kwa jina la aina halisi. Maji yanayotolewa tangini yamwagwe bustanini, ambako hufaa kama mbolea, badala ya mtaroni kuelekea mtoni.

Tangi na ziwa

Uzalishaji wa nyumbani una faida zake. Unapunguza haja ya kukamata samaki wa porini kwa ajili ya mapambo, unawapa vijana ujuzi unaoweza kuwaletea kipato, na unamwezesha mtoto wa Dodoma au Tabora kumwona kwa macho samaki ambaye huenda asingemwona kamwe. Lakini tangi haliwezi kuchukua nafasi ya ziwa. Aina mpya 500 hazitatokea tena katika matangi ya kioo.

Kinachomfaa zaidi furu ni maji angavu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Ukanda huo ukiachwa na uoto wake, udongo na mbolea hunaswa kabla ya kufika majini. Mkulima anayeziheshimu mita hizo 60, na kaya isiyoelekeza majitaka yake kwenye mto, wanamsaidia jike la furu kumtambua dume lake chini ya maji, hata kama hawajawahi kumiliki tangi.

Wananchi wenye nia ya kuanza ufugaji huu wanashauriwa kutafuta maelekezo kwa Maafisa Uvuvi wa halmashauri zao na kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), yenye vituo Mwanza na Kigoma.